Kijitabu Changu cha Ndege

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili alitutaka tuandike juu ya mambo tuyapendayo wakati wa nafasi. Wenzangu wengi wameandika juu ya mpira, na mmoja ameandika vizuri sana juu ya sungura wake. Mimi nilisita kwa muda wa juma zima, maana jambo nilipendalo si jambo la kutangaza mbele ya kila mtu, wala nyumbani kwetu halitajwi bila ya mmoja wetu kukunja uso. Napenda ndege za vita.

Kwetu ni Cyanzarwe, katika wilaya ya Rubavu. Anayesimama katika shamba letu la viazi huuona mlima Nyiragongo, ambao usiku hupaka mawingu rangi nyekundu, na akigeukia machweo huiona Goma ng'ambo ya mpaka. Udongo wetu ni mweusi na una rutuba, lakini chini yake ni mawe ya lava yaliyojaa matundu, nayo huyanywa maji yote ya mvua, hata kisima hakichimbiki. Kwa hiyo kazi ya mtoto wa kwetu ni mbili: kuchunga mbuzi na kufuata maji. Kazi zote mbili hufanywa nje, na mtu aliye nje hutazama juu.

Uwanja wa ndege wa Goma uko karibu mno na mpaka. Wakati wa utoto wangu ndege hazikupungua kule, na nilizijua kwa sauti kabla sijajua kusoma. Helikopta nyeupe za Umoja wa Mataifa, zile ziitwazo Mi-17, zilipiga hewa kwa mapigo mazito, hata mabati ya jiko yakatetemeka. Antonov za kubeba mizigo, zenye mapangaboi mawili, zililia kama nyuki aliyefungwa ndani ya kibuyu. Baba, ambaye huuza viazi sokoni Gisenyi, aliniita Rubani kila alipofurahi. Siku ambayo mbuzi wawili waliingia katika maharage ya jirani wakati mimi nahesabu magurudumu ya Antonov, aliniita Bwana Angani, na jioni hiyo sikupewa chakula mpaka nilipokwenda kuomba radhi.

Nilipofika sekondari nilipata kutumia kompyuta za shule, na hapo ugonjwa ukazidi. Nilisoma kwamba ndege za vita si wageni katika nchi za maziwa. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege za kutua majini hadi Ziwa Tanganyika, nazo zikatupa mabomu Kigoma, ambako Wajerumani walikuwa na meli yao Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha meli hiyo ili isitekwe, baadaye ikaopolewa na kuitwa Liemba. Nilimsimulia babu habari hizi kwa furaha kubwa. Babu akasema kuwa baba yake alibebeshwa mizigo ya Wabelgiji katika vita hivyo, na katika hadithi zake zote hakuna ndege hata moja, ila mizigo tu. Sikupata la kujibu.

Lakini ndege niliyoipenda kupita zote ni Sukhoi-25, nayo yataka maelezo kidogo. Ilitengenezwa na Warusi, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1975. Rubani ni mmoja. Haikuundwa kushindana kwa mbio, bali kuruka chini chini juu ya askari wa nchi kavu na kuwapiga adui zao, na kwa sababu arukaye chini hupigwa risasi na kila mtu, waliomuunda ndege huyu walimkazania jambo moja, yaani arudi nyumbani. Rubani huketi ndani ya sanduku la titani, chuma chepesi kisichotoboka kwa urahisi. Injini ni mbili, moja kila ubavu, zimetenganishwa ili moja ikiungua nyingine ipate kuendelea. Warusi wameipa jina la ndege mweusi wa jamii ya kunguru. Jeshi la Kongo lilikuwa nazo, nasi tuliziona.

Nilikuwa na kijitabu cha kurasa arobaini na nane ambamo niliandika kila ndege ya vita niliyoiona: tarehe, saa, aina, imetoka wapi, imeelekea wapi, na kama mabawa yalikuwa na kitu chini yake. Sikuona ubaya wowote. Wengine hukusanya stempu.

Tarehe 7 Novemba 2022 Sukhoi moja ya Kongo ilitua katika uwanja mdogo wa Rubavu, ikakaa kitambo kidogo, ikaruka tena ikaenda zake. Kongo ilisema kwamba ndege haikuwa na silaha na ilipotea njia. Mimi wakati huo nilikuwa darasani, na haikunipita nafasi iliyoniuma kama hiyo. Mwezi wa Desemba Rwanda ikalalamika tena kwamba ndege kama hiyo imeingia katika anga lake. Nyumbani watu walinong'ona. Mimi nilinoa penseli.

Sasa nafika kwenye siku ambayo ningependa kuiruka. Ilikuwa Jumanne, tarehe 24 Januari 2023. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama alinituma maji pamoja na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka mitano na kidumu chake cha lita tatu. Yapata saa kumi na moja za jioni, tukiwa njiani kurudi, nikasikia ile sauti. Haifanani na nyingine, ni kama mtu anayepasua kitambaa kikubwa polepole. Nikamwambia mdogo wangu, "Ngoja hapa." Nikatua dumu langu, nikapita katikati ya mikaratusi, nikapanda juu ya ukuta wa mawe ambao nilijua unaona hadi Goma.

Niliiona. Ilikuwa chini kuliko nilivyowahi kuiona. Kisha ukatokea mstari wa moshi ukiifuata, ikatoa mwanga, na baada ya mwanga mshindo uliofika kifuani kabla ya masikioni. Ndege ikawa na moto ubavuni. Haikuanguka. Iliendelea, ikashuka, ikatua Goma. Na mimi, Mungu anisamehe, juu ya ukuta ule nilipiga makofi, kwa kuwa kila nilichokisoma kilikuwa kweli: injini moja inaungua na nyingine inaendelea.

Serikali ya Rwanda ilitangaza kuwa ndege hiyo imeingia katika anga lake kwa mara ya tatu na hatua za kujikinga zimechukuliwa. Serikali ya Kongo ilisema kuwa ndege yake ilikuwa ndani ya anga la Kongo, na kwamba kuipiga ni kitendo cha vita. Hayo tuliyasikia redioni usiku. Kabla ya redio, mama aliusikia mshindo akiwa shambani. Aliacha jembe akakimbia peku juu ya mawe hadi njiani, akamkuta mdogo wangu peke yake, amelala kifudifudi jinsi alivyokuwa amefundishwa na yeye mwenyewe, kidumu kimemwagika na nguo zimelowa. Mimi nilirudi nikiwa nimekwisha kutunga sentensi ya kuandika katika kijitabu. Mama hakunipiga. Alimbeba mtoto mgongoni, akatangulia, na nyayo zake ziliacha damu katika mawe mpaka mlangoni. Afadhali angenipiga.

Usiku baba akanitaka kijitabu. Alikisoma chote karibu na taa, ukurasa kwa ukurasa, bila ya kusema. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, ukikutwa nacho mpakani, na upande wowote, utasema nini?" Nikasema kwamba nitasema napenda ndege. Akaniuliza tena, "Na wewe ungekuwa askari, ungesadiki?"

Baadaye nilisoma kwamba swali la baba halikuwa la kijijini tu. Mwezi wa Novemba 2001 Waingereza kumi na wawili na Waholanzi wawili walikamatwa Ugiriki kwa kosa kama langu, kwa kuwa waliandika habari za ndege karibu na viwanja vya jeshi. Walishitakiwa kwa upelelezi, wakahukumiwa mwaka 2002, na walipokata rufani wakaachiliwa mwishoni mwa mwaka huo. Hao walikuwa watu wazima, wenye pasipoti na mawakili, na Ugiriki haikuwa vitani. Mimi nilikuwa na penseli na mbuzi wanne.

Asubuhi nilikipeleka kijitabu jikoni mwenyewe. Mama alikuwa akiwasha moto, na kuni zilikuwa mbichi. Akakipokea, akakichana, akaziweka karatasi chini ya mafiga. Zilishika moto mara moja. Ndipo akasema, mgongo amenipa, kwamba yeye ameona ndege kubwa kuliko zangu zote.

Nilidhani namjua mama. Nilijua tu kwamba Julai 1994, mwishoni mwa mauaji ya kimbari yaliyofanywa dhidi ya Watutsi, umati usiohesabika ulivuka kuingia Goma, naye alikuwamo, mtoto wa miaka saba akivutwa mkono. Sikujua kwamba alikuwa na mdogo wake wa kiume. Kipindupindu kiliingia katika kambi, maana watu walikuwa wengi na chini ni lava tupu, hapana choo wala kaburi liwezalo kuchimbwa, na walikufa maelfu kwa maelfu. Mdogo wake alikuwa miongoni mwao. Mama alisema kwamba kila siku ndege zilishuka, nyingine za askari Wafaransa, na kila ziliposhuka watoto walilala chini. Halafu ikaja moja kubwa mno, ya rangi ya jivu, na watu waliorudi kutoka uwanjani wakasimulia kwamba inafungua uso wake juu kama mnyama apigaye miayo. Walisema imeleta mashine za maji. Maji yalikuja kweli, masafi. "Yalikuja siku mbili baada yake," mama akasema, akachochea moto.

Nilijua ndege hiyo. Ni C-5 Galaxy ya jeshi la Marekani, yenye injini nne na urefu wa mita 75, na mwezi ule iliteremsha Goma mitambo ya kusafisha maji. Nilikuwa nimesoma kila kitu juu yake. Nilifunga mdomo wangu, na hilo ni jambo la akili nililolifanya katika juma lile.

Miaka miwili ikapita. Januari 2025 vita vilifika Goma yenyewe, mabomu yakaanguka hata upande wetu wa Rubavu na kuua watu, na uwanja ukafungwa. Kwa miezi mingi hapakuwa na cha kutazama juu isipokuwa mwewe. Sikuandika tena saa wala njia za ndege yoyote, wala sitaandika. Ninachofanya sasa ni kuunda ndege kwa mabua ya mahindi, zile za zamani ambazo habari zake zimo vitabuni, na mdogo wangu huzirusha kutoka juu ya ukuta wa mawe. Yeye hupenda zenye rangi.

Likizo iliyopita niliunda C-5. Sikumwambia mtu ni ya nini. Uso wake unafunguka kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na magurudumu niliyakata katika kandambili kuukuu, nikapata kumi tu kabla ya mpira kwisha. Niliiweka dirishani ikauke. Mama alipita na beseni la viazi, akasimama. Aliweka beseni chini, akaifungua ndege uso, akaufunga, akaigeuza tumbo juu, akahesabu kwa kidole.

"Si yalikuwa mengi kuliko haya?" akauliza.

"Ni ishirini na nane, mama."

Akaingia ndani. Akatoka na kandambili yake ya kushoto, ile ambayo kamba yake ilikatika tangu Pasaka, akaiweka karibu na kisu changu, kisha akachukua beseni lake akaenda jikoni.