Siri Isiyotoka Ndani

Mama yangu huuza mapeasi Soni, kwenye barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Hajui kusoma. Akitaka kutoa hela kwenye simu, humtajia kijana wa wakala namba yake ya siri, naye humbonyezea. Imani tupu.

Nimesomea elektroniki, kwa hiyo siku moja aliniuliza ile laini ina nini ndani. Nikamwambia kile kibati cha rangi ya dhahabu ni mlango tu. Nyuma yake kuna chipu yenye prosesa ndogo, kumbukumbu na ufunguo wa siri. Baadhi ya chipu zina pia saketi ya pekee ya usimbaji fiche, inayobeba hesabu nzito ili prosesa isielemewe. Kwenye 2G, mtandao hutuma namba ya kubahatisha ya biti 128. Chipu huichanganya na ufunguo humo humo ndani, kisha hurudisha jibu la biti 32. Mtandao nao hupiga hesabu ileile. Majibu yakilingana, unapita. Ufunguo wenyewe hausafiri.

Mama akaigeuza laini kiganjani.

“Kumbe hiki kidude hakimwambii mtu siri yake, ila mimi mwenye nacho ndiye naitangaza dukani?”

Sikuwa na la kuongeza. Hakuna saketi inayolinda kinachotamkwa mdomoni.

Jioni ile aliomba daftari na kalamu. Nikamuuliza tuanze na tarakimu zipi.

“Zote kumi, mwanangu. Nikizijua nitabadilisha namba, na hata wewe hutaijua.”