Ndugu shakiki na uboho wa mfupa

Swali lililotufikia mwezi huu limetoka kwa jamaa ambao kijana wao wa miaka 17 ameambiwa kuwa uboho wake hautengenezi tena damu ya kutosha. Madaktari huyaita maradhi hayo anemia aplastiki. Chembe nyekundu zikipungua mtu hupauka na kuchoka. Nyeupe zikipungua kila homa huwa ya hatari. Na zile za kugandisha damu zikipungua, ufizi huvuja na ngozi hupata mabaka pasi na pigo.

Jamaa walikuwa tayari kumtolea damu, ndugu zake wakiwa mbele. Tuliwasihi wangoje, wamuulize daktari kwanza. Kwa mwenye umri huu, tiba inayotangulizwa ni kupandikizwa uboho wa ndugu anayeafikiana naye. Na damu ya jamaa ikimwingia mapema, mwili waweza kujifunza kuipinga, kisha ukaukataa na uboho. Damu anaihitaji, naam, lakini iwe ya mtu baki.

Tuliosoma mirathi twamjua ndugu shakiki, wa kwa baba, na wa kunyonya. Uboho nao una mafungu yake. Kila shakiki ana nafasi moja katika nne ya kuafikiana kikamilifu; wa kwa baba ni nadra; wa kunyonya hana fungu, kama alivyo katika mirathi. Kijana huyu ana mashakiki watatu, na wamekwisha pimwa. Mtoaji hulazwa kwa dawa ya usingizi, akavutwa uboho katika mfupa wa nyonga, nao hurejea baada ya wiki chache. Wala hawi maharimu kwa kutoa (hilo nalo tuliulizwa): umaharimu huletwa na nasaba, ndoa na kunyonya, si sindano.

Asipopatikana anayeafikiana, zipo dawa za kutuliza kinga ya mwili, kwani mara nyingi kinga yenyewe ndiyo inayoushambulia uboho. Hutiwa mshipani dawa itokanayo na damu ya farasi au sungura, pamoja na siklosporini ya kumeza. Farasi asimtishe mtu: kwa madhehebu yetu ya Shafi huliwa, na mlango wa dawa ya dharura ni mpana zaidi. Kizito ni kungoja. Yaweza kupita miezi 3 hadi 6 kabla ya damu kupanda, na kabla ya hapo watu hunong'ona kuwa dawa haifai. Miezi yote hiyo atahitaji kutiwa damu mara kwa mara, na hapo ndipo sisi tusio jamaa zake tunapohitajika.