Kazadi, mdaka mlango wetu

 Mwezi huu tunaomba nafasi kidogo katika gazeti letu ili tumkumbuke mtu ambaye vijana wengi hapa kambini hawamjui, na wachache wanaomjua wanamjua kwa ubaya. Ni marehemu Kazadi Mwamba, golikipa wa Zaire. Kule kwetu tulizoea kusema gardien. Huku Tanzania tumejifunza neno mdaka mlango, na kwa kweli neno hilo linamfaa zaidi.

Siku hizi vijana wana simu, wanaona mambo ya zamani humo. Juzi hapa kijijini walikuwa wanachagua nani akae golini, mmoja akakataa: "Mimi si Kazadi, sitaki kufungwa tisa." Wakacheka wote. Sisi tuliokulia kwenye redio ya baba hatukucheka.

Maana hizo tisa si zake. Tuseme mambo kama yalivyokuwa. Tarehe 18 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, Zaire ilicheza na Yugoslavia katika Kombe la Dunia. Wachezaji walikuwa na hasira, pesa zao walizoahidiwa hawakuziona, na nusura wakatae kuingia uwanjani. Zikaingia tatu haraka haraka. Dakika ya 21 kocha Vidinić akamtoa Kazadi, akamwingiza Tubilandu, mtu mfupi wa kimo. Mpira uliofuata ukawa goli la nne. Ndaye naye akapewa kadi nyekundu kwa kosa la mwenzake, tukabaki watu kumi. Tubilandu hatumlaumu, maskini, aliingia nyumba ikiwa tayari inaungua. Lakini Vidinić mwenyewe alikuwa Myugoslavia, tena zamani alikuwa golikipa, basi maneno yakawa mengi. Wengine walisema amri ilitoka kwa wakubwa wa serikali. Baba yetu alikuwa na jibu moja tu, na hakulibadilisha mpaka alipofariki: "Kazadi hakushindwa, balimutosha."

Baba alikuwa na haki ya kusema. Kabla ya kurudi Baraka kufanya biashara ya samaki, alikaa Lubumbashi akifanya kazi migodini, na siku za mechi alikuwa anakwenda uwanjani kumwona Kazadi kwa macho yake. Wakati huo timu iliitwa TP Englebert, ndiyo hii TP Mazembe ya leo. Ilichukua kombe la vilabu vya Afrika mwaka 1967, ikarudia 1968, halafu 1969 na 1970 ikafika fainali tena. Fainali nne mfululizo! Na timu ya taifa ilichukua Kombe la Afrika mara mbili, Addis Ababa mwaka 1968 na Cairo mwezi Machi 1974. Mara zote mbili Kazadi alikuwa mmoja wao. Baba alikuwa anasema tofauti yake na magolikipa wengine ni kwamba wengine wanaupiga mpira ngumi uende zake, yeye anaushika, anaukumbatia kama mtoto. Sisi tulikuwa tunamsikiliza huku tunachambua dagaa.

Ila siku tunayotaka mwikumbuke si ya Cairo. Ni tarehe 22 Juni 1974, siku nne tu baada ya zile tisa, Zaire na Brazil. Kazadi amerudishwa golini. Mwepu Ilunga alieleza miaka mingi baadaye kwamba watu wa Mobutu waliwaonya: mkifungwa nne, hakuna wa kurudi nyumbani. Sisi wasomaji wa gazeti hili tunajua maneno hayo yana uzito gani. Jairzinho akafunga mapema, dakika ya 12. Wakashikilia hapo mpaka kipindi cha pili, Rivelino akapiga la pili dakika ya 66. Dakika ya 79 Valdomiro akapiga shuti ambalo si kali hata kidogo, mpira ukapita chini ya mwili wa Kazadi. Tatu. Goli la aibu, tusidanganyane, na aliyefungwa ni yeye, bila wa kumsingizia.

Sasa fikirini mtu huyo. Amebakiwa na dakika kumi na moja. Mbele yake Brazil, mabingwa wa dunia. Nyuma yake wavu. Nyumbani kuna onyo. Mikono ileile iliyoachia mpira ndiyo inayotakiwa kuzuia wa nne. Na wa nne haukuingia. Mechi ikaisha tatu kwa sifuri, wakarudi wote kwao. Vijana wanaonyeshana Mwepu akitoka mbio kwenye ukuta kuupiga mpira wa adhabu wa Brazil, wanacheka mpaka machozi. Zile dakika kumi na moja za Kazadi hakuna anayezionyesha.

Alifariki mwaka 1996. Wengi wetu tunaukumbuka mwaka huo kwa mambo mengine. Mwishoni mwake tulivuka Ziwa Tanganyika, tukaletwa Nyarugusu, tukawa tunahesabu watoto na kuuliza nani amefia wapi. Habari za Kazadi zilitufikia baadaye sana, kwa mtu aliyekuja kutoka upande wa Lubumbashi. Baba alikaa kimya, halafu akazima redio, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Hapakuwa na matanga. Hata wa kwetu wenyewe tuliowaacha ng'ambo wengine hatujawawekea matanga mpaka leo.

Mambo ya dunia ni ya ajabu. Ndaye, yule aliyefunga magoli tisa katika kombe la 1974, naye alikuja kuwa mkimbizi kama sisi, Afrika Kusini. Mwaka 1998, kule Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya kumwombolezea kwa sababu ilisemekana amekufa, kumbe yu hai. Aliishi mpaka 2019.

Katika zone yetu bado wapo wazee wawili watatu waliomwona Kazadi uwanjani. Jioni wanakaa karibu na bomba la maji. Vijana, kabla ya kuchagua golikipa wenu, piteni mkawasalimu, muwaulize alivyokuwa anaushika mpira.