Kusema "Sipendi" kwa Kiingereza



Kila siku ya posho tunakutana kujifunza Kiingereza. Wengi wetu wa Butembo na Beni tunavuka Kasindi kwenda kununua vitu Uganda, na tangu 2022 Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Pale Mpondwe na Bwera, ndugu zetu Wakonzo wanasikia Kinande. Tukifika Kampala, Kinande kimekwisha.

Tunaanza na kueleza vitu. Kila mama analeta kitu kimoja: kitenge, maharagwe, sufuria. Anasema rangi yake na ukubwa wake. Sisi tunasema "kitenge chekundu", na kwa Kifaransa vilevile rangi inafuata. Kiingereza kinatanguliza rangi. Kisha anasema kama anakipenda. Kwetu "kupenda" kunatosha kwa mtoto, kwa bwana na kwa sombe. Waingereza wana "love" ya mtoto na "like" ya kitenge, basi tuangalie tunamwambia nini mwenye duka!

Lililo gumu ni "I don't like". Tumelelewa kwamba mwanamke mwenye adabu hakatai mbele ya watu. Lakini tukinyamaza, tunarudi na kitenge kinachochuja, na pesa ya masomo ya watoto imepotea. Tena njiani kuna wanaume wanaotaka malipo yasiyo ya pesa. Ndiyo maana tunalirudia neno hilo pamoja, kwa sauti, mpaka kinywa kilizoee. Mama anayelijua amfundishe jirani, hata wakiwa wanatwanga sombe.