Bagamoyo kwa baiskeli, glukosi mfukoni

Barabara ya Bagamoyo humdanganya mwendesha baiskeli mara mbili. Kutoka Mwenge hadi Tegeta unabanana na daladala na bodaboda, unameza moshi na kuamini kwamba safari nzima itakuwa vita. Ukishapita Bunju na kuvuka daraja la Mto Mpiji, ukaingia Mkoa wa Pwani, magari yanapungua, miembe inasogea karibu na lami, nawe unajiona umeshafika. Hapo ndipo unapokutana na vilima. Si virefu, ila haviishi, na mwezi Novemba upepo wa kaskazi ukianza kuvuma unakupiga ubavuni.

Tulikuwa watu kama 40, kila mmoja amechangisha fedha kwa ndugu na wafanyakazi wenzake ili kununua insulini na stripu za kupimia sukari kwa watoto. Msafara ulipangwa karibu na Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani. Mimi na rafiki yangu tulikuwa na sababu ya pili. Tunajiandaa kwa triathloni, mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, yote kwa mfululizo bila kupumzika. Ile ya Olimpiki ni mita 1,500 za kuogelea, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za mbio. Sisi tumechagua fupi zaidi: mita 750, kilomita 20 na kilomita 5.

Rafiki yangu ni mwalimu wa sekondari, na ana kisukari aina ya kwanza tangu akiwa na miaka tisa. Aina hii haitokani na kula sukari nyingi, ingawa majirani hawakuacha kumlaumu mama yake. Kinga ya mwili hushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na bila insulini mtu hawezi kuishi. Mtoto wa kwanza kutibiwa kwa insulini alikuwa Leonard Thompson wa Toronto, Kanada, Januari 1922, akiwa na miaka 14. Kabla ya hapo, wazazi walibaki kumtazama mtoto akikonda hadi mwisho.

Kijijini kwao hapakuwa na umeme. Mama yake aliweka chupa za insulini ndani ya chungu kilichokalishwa kwenye mchanga uliomwagiwa maji, kwa sababu joto kali huiharibu dawa hiyo. Tulipokuwa tunapanda kilima cha Mapinga aliniambia kwamba mpaka leo harufu ya udongo mbichi humkumbusha sindano.

Asubuhi hiyo alijichoma tumboni, hakuchoma paja. Nilimuuliza sababu (kuuliza ndiyo kazi yangu). Akanieleza kwamba paja linalofanya kazi huifyonza dawa haraka zaidi, na sukari inaweza kushuka ghafla. Pia alipunguza dozi, kama walivyokubaliana na daktari wake. Tulipoondoka kipimo kilisoma 8.1.

Tulipofika Kerege akaniambia, “Tusimame.” Mikono ilikuwa inatetemeka na jasho lake limebadilika, jembamba na la baridi. Alitoboa kidole: 3.6. Chini ya 4 ni sukari iliyoshuka, na haisubiri mtu afike kwanza. Tukakaa kwenye kibanda cha mananasi. Akakoroga glukosi ya unga kwenye maji, akanywa yote.

“Mwanangu, kula nanasi, tamu hili,” alisema mama mwenye kibanda.

“Asante mama, nitakula. Acha hii ifanye kazi kwanza.”

Utaratibu ni rahisi, na kila familia ingeufahamu: gramu 15 za sukari inayoingia haraka kwenye damu, kama nusu chupa ya soda ya kawaida, kisha subiri dakika 15 na upime tena. Kama bado iko chini, rudia. Aliyepoteza fahamu usimnyweshe chochote, mkimbize hospitali. Na mtu anayeyumba huku akiongea ovyo si lazima awe amelewa. Rafiki yangu amewahi kushushwa kwenye daladala kwa dhana hiyo.

Kiongozi wa msafara alirudi, akataka apande gari la huduma. “Dada, afya kwanza.” Alisema kwa moyo mwema, lakini nadhani aliharakisha. Mwenye kisukari anajua kusoma namba zake kuliko sisi tunaomwonea huruma. “Kaka, nipe dakika 15,” akajibu. Kipimo kikasoma 5.2. Akala ndizi mbili, chapati, na nanasi la mama. Baada ya kupima tena tukaondoka, wa mwisho kabisa.

Tuliingia Bagamoyo adhuhuri. Wapagazi wa misafara ya pembe za ndovu walikuwa wakifika hapa kwa miguu kutoka bara, wengine Ujiji, na mizigo mabegani. Nikaona aibu kulalamikia kiti cha baiskeli. Wenzetu walikwenda kupiga picha Mji Mkongwe. Sisi tulishuka ufukweni.

Nilikuwa naiogopa sana hatua ya kuogelea. Barabarani unaweza kuketi, lakini sukari ikishuka majini kwenye kina kirefu, hata kufungua pakiti ya glukosi ni kazi. Kumbe bahari ya Bagamoyo ina huruma yake. Maji yalikuwa yameanza kujaa, nasi tulitembea mbali sana kabla hayajafika kiunoni. Wavuvi walituangalia kwa mshangao: watu wazima wanatafuta bahari.

Alipima: 9.4. Akaficha pakiti ya glukosi ndani ya mfuko wa nailoni kwenye mkono wa vazi lake. Tukaogelea sambamba na ufukwe, mimi upande wa kina, yeye upande wa mchanga. Kila nilipohesabu mikupuo 50 alisimama, maji kifuani, akaonyesha dole gumba, tukaendelea. Mara nne, mara tano, mara sita.

Mazoezi marefu yanaweza kushusha sukari hata saa nyingi baadaye, kwa hiyo usiku tulitega simu saa nane. Ilisoma 6.3. Akala kipande cha mkate, akaniuliza bamvua lijalo ni lini, akalala.