Jicho Huona, Ubongo Hutambua

Watu wengi hudhani ya kuwa kuona ni kazi ya jicho peke yake, na kwamba mwenye macho mazima hana budi kukitambua kila kilicho mbele yake. Sivyo. Katika karne ya 11 mwanachuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alieleza katika Kitab al-Manazir ya kuwa nuru hutoka katika vitu ikaingia machoni, na kwamba kukitambua kitu kwahitaji pia akili ipambanue, ilinganishe na ikumbuke.

Wataalamu wa zama zetu wameifuata njia hiyo mpaka ndani ya ubongo. Mwaka 1959 David Hubel na Torsten Wiesel, huko Baltimore, Marekani, walitangaza waliyoyavumbua katika ubongo wa paka: chembe hai moja huchangamka paka aonapo mstari uliosimama, wala haijali uliolala; nyingine ni kinyume chake. Mwaka 1981 wakashiriki katika Tuzo ya Nobel. Basi sehemu ya kwanza ya ubongo haiijui birika; yajua vipande vya kingo zake tu. Sehemu za mbele huviunga vipande hivyo kuwa pembe na mviringo, hata likapatikana umbo kamili.

Sehemu hizo zikiharibika, macho hubaki mazima na umbo likapotea. Sisi tunaye bibi katika jamaa zetu aliyepatwa na kiharusi. Akionyeshwa ufunguo, hautambui. Akitiwa mkononi, mara hulitaja jina lake. Nyumbani yakazuka maneno: wengine wakasema anajifanya, wengine kwamba amerukwa na akili. Mkamwana wake akakataa kumpa mjukuu ampakate. Bibi akawa akishinda kimya, akiogopa kuulizwa.

Daktari alipotufahamisha ya kuwa akili yake ni timamu na mikono yake ina nguvu, tulibadili mwendo. Sasa kila aingiaye hutoa salamu kwanza, apate kujulikana kwa sauti. Kikombe hutiwa mkononi mwake. Na mjukuu amerudi mapajani.

Basi twawanasihi wenye nyumba: mtu asipokitambua ghafula alichokizoea, mpelekeni hospitali upesi. Wala msimcheke, wala msimwite mwendawazimu. Kilichopungua ni njia moja ya kujua. Heshima yake haikupungua.