Bosi Wako Ni Nani?

Kibarua aliyevunjika mguu akifika ofisini kwetu, simuulizi kwanza habari za mguu. Pole nampa, kiti anapata, kisha namuuliza: bosi wako ni nani? Hapo ndipo mashauri mengi ya ajali za ujenzi hapa Singida Mjini yanapokwama. Atakwambia ni yule fundi wa Misuna, au mzee mwenye gari jeupe, au "tunamwitaga Injinia tu". Mtu amebeba zege msimu mzima kwa tajiri ambaye hata jina lake kamili halijui.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua na pia inatuwekea mipaka: huduma yetu ni ya bure, na mahakamani hatusimami kama mawakili. Sehemu kubwa ya kazi ni barua, kumsindikiza mtu kutoka ofisi hii hadi ile, na kumsaka fundi asiyepokea simu.

Ajali zetu zina majira. Alizeti ikishauzwa, hela inaonekana mjini, na nyumba zilizoishia kwenye linta tangu mwaka juzi zinaanza kupauliwa. Kwa bahati mbaya huo ndio wakati upepo wa Singida unapovuma hasa, Julai mpaka Oktoba. Fundi yuko juu ya kenchi kashika bati, miguuni ndala, na jukwaa alilopandia ni mirunda iliyogongelewa misumari. Upepo ukilichukua bati, asipoliachia kwa haraka anakwenda nalo. Wa chini nao hawajasalimika. Mji huu umekaa juu ya mawe. Kuchimba shimo la choo ni kupasua mwamba, na kipande kimoja kikiruka jicho limekwenda. Jengo la Kariakoo lilipoporomoka Novemba 2024 nchi nzima ilisimama kutazama. Anayeanguka peke yake Mandewa au Utemini habari zake haziendi mbali kuliko mtaa anaokaa.

Turudi kwa bosi. Mwenye nyumba anapatana na fundi mkuu bei ya kazi nzima. Fundi mkuu anaita mafundi, fundi naye anakuja na saidia fundi wake. Mtu akiumia, mwenye nyumba anasema mimi nilipatana na fundi; fundi mkuu anasema mimi mwenyewe kibarua tu. Mkataba wa maandishi hakuna. Sisi tunaanzia kwenye kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kinachosema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kuna hata kigezo kimoja kati ya kadhaa: saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya karibuni, anamtegemea kwa kipato, au anapewa vifaa vya kazi. Kibarua wa saiti ana vigezo hivyo mpaka vya kubaki. Anachokosa ni cha kuonyesha.

Kwa hiyo tunachimba simu yake. Ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya wiki una jina la aliyetuma. Hapo "Injinia" anapata majina matatu. Picha aliyojipiga juu ya slebu akamtumia mchumba wake inaonyesha jengo na tarehe. Toroli na karai ni za nani? Daftari la mahudhurio anashika nani? Lile daftari la fundi mkuu, lenye vema za kalamu ya bluu na madoa ya saruji, nimeona likifanya kazi ambayo hati yenye mhuri isingeifanya. Mashahidi ndio mtihani. Wenzake walimwona akianguka, wakamnyanyua wenyewe, lakini kesho wanataka kurudi saiti ile ile. Siwalaumu.

Kinachoniumiza zaidi ni wiki ya kwanza. Kijana mmoja wa Mtipa alianguka kutoka kwenye kenchi, na wenzake kwa nia njema wakamkimbiza kwa mganga wa kuunga mifupa. Mfupa ukaunga, umepinda. Hakuwa na PF3 ya polisi wala picha ya eksirei, na hospitali ya mkoa hakufika. Siku ya tatu mwenye nyumba alikuja nyumbani kwao na kuku wawili na shilingi 50,000, wakaandikishana kwamba yameisha, baba akaweka dole gumba. Sisemi mwenye nyumba alikuwa mtu mbaya. Alikuja kwa adabu, na kwetu mtu akija na kuku humfukuzi. Lakini kijana alipokuja kwangu anachechemea, ushahidi pekee kwamba aliumia kazini ulikuwa karatasi ile ile ya kumalizana. Ndiyo tuliyoanza nayo.

Watu wengi wangali wanadhani fidia ni huruma ya tajiri, na zamani hawakuwa mbali na ukweli, maana sheria ya kikoloni iliyotangulia ilikuwa na ukomo wa laki moja hivi hata kwa ulemavu wa maisha. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyoleta Mfuko, WCF, ulioanza kulipa mafao Julai 2016. Unagharamia matibabu. Aliyelala kitandani kwa muda analipwa asilimia 70 ya kipato chake. Ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 unaleta pensheni ya kila mwezi, usiozidi hapo unalipwa kwa mkupuo. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku saba, na madai yafike ndani ya miezi 12.

Mshahara uliobaki au kufukuzwa kwa sababu umeumia ni mlango mwingine: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Huko kufukuzwa kunalalamikiwa ndani ya siku 30, madai mengine siku 60. Mtu anasubiri plasta itolewe ndipo aje. Mguu umepona, muda umekufa.

Wenye nyumba wengi ni watu wa kawaida, mwalimu au nesi anayejenga kwa mkopo tofali kwa tofali, na akiambiwa yeye ni mwajiri anashtuka kweli. Hao nazungumza nao taratibu. Wanaonitoa jasho ni wakandarasi waliosajiliwa, wenye cheti cha Mfuko ukutani, ambao vibarua wao hawamo kwenye orodha ya mishahara. Mchango wa sekta binafsi ni asilimia 0.5 ya mshahara. Chukua kibarua wa shilingi 15,000 kwa kutwa, siku 24 kwa mwezi: ni 360,000, na mchango wake ni shilingi 1,800. Haitoshi nusu kilo ya nyama.

Nilikwenda kwa mmoja wao na barua, baada ya kibarua wake kupoteza vidole viwili kwenye mashine ya kuchanganyia zege. Aliniuliza nimetumwa na nani. Nikamwomba namba ya usajili wa Mfuko na nakala ya taarifa ya ajali. Akasema mhasibu yuko safarini, na kwamba kijana alikatazwa kusogelea mashine. Sikubishana naye. Nilimpa kitabu cha kupokelea barua, akasaini na kuweka tarehe. Ilikuwa siku ya tano tangu ajali, na jina lake lote lilikuwa pale, kwa mwandiko wake.